Kitunguu Kisicho Kitunguu

Verna Migwans alikuwa mpishi wa ukumbi wa wazee kisiwani Manitoulin kwa miaka tisa, na miaka miwili ya mwisho alipika bila kusikia harufu. Mafua makali yalimwibia pua, na hakumwambia mtu isipokuwa mumewe, Clifford. Akawa anategemea ulimi na vidole, roho juu kila siku.

Jumatano moja ya Julai wifi yake, Leona, aliingia jikoni na beseni la vitunguu pori, ameshavimenya na kukata majani. Alikuwa amevichimba alfajiri ufukweni, kwenye kinamasi cha mawe ya chokaa. Nusu vilikwenda sufuriani pamoja na samaki. Leona akaonja mchuzi, akaonja tena, akausifu.

Verna alikuwa akisuuza vilivyobaki alipokutana na kimoja kirefu kuliko wenzake, kimebakiwa na kipande cha ganda jeusi. Mkono ukasita. Bibi yake alimwonya tangu utotoni kwamba kitunguu pori kina pacha wake wa sumu, tena huota jirani, na anayewatenganisha ni pua.

"Wifi, hebu nusa hiki."

"Kinanuka kitunguu."

"Na vidole vyako?"

"Vinanuka kitunguu. Beseni linanuka kitunguu. Hata wewe unanuka kitunguu. Una nini leo?"

Verna akazima jiko. Ilikuwa saa nne, na wazee wangeingia saa sita. Leona alinuna, akasema vitunguu vya ufukwe ule amevila tangu hajaota meno. Verna hakubishana naye. Alimwomba tu amwonyeshe alipochimba. Njia nzima alitazama midomo ya wifi yake, ambako bibi alisema sumu ile huanzia, zaidi ya alivyotazama barabara.

Kule ufukweni maji yalikuwa yametuama kati ya mawe bapa. Kwenye shimo la kwanza palikuwa na maua ya zambarau, yamejikusanya kama kirungu. Verna akavunja jani. Lilikuwa na uwazi ndani kama mrija. Hiki ni kitunguu. Akashusha pumzi.

Hatua nne mbele, kando ya shimo jingine, ulisimama mmea mwembamba wa kufika gotini, maua yake meupe yenye ukijani. Jani lilikuwa bapa, limejikunja katikati, na vumbi lake la kibuluu likabaki kwenye kidole gumba. Verna akapiga magoti majini, akavaa miwani, akaligeuza ua moja. Petali sita, na kila moja ina doa la kijani lenye umbo la moyo. Ndiyo alama ya yule pacha aliyoitaja bibi.

"Hapa pia ulichimba?"

"Nilichimba kote. Kulikuwa bado na kiza, majani yakafanana." Leona akajigusa mdomo. "Verna, midomo yangu inakufa ganzi."

Verna aling'oa mmea mzima, ua na kitunguu chake, akamwingiza wifi yake garini. Zahanatini, muuguzi alipiga simu kwa wataalamu wa sumu akiwa ameushika mkononi, akiwasomea alama zake moja moja, nao hawakuhitaji kubahatisha. Leona alitapika, mapigo ya moyo yakapungua, akapelekwa hospitali ya mjini. Verna alipiga simu ukumbini kwamba sufuria isiguswe, wazee wapewe mkate na jibini. Aliambiwa wananung'unikia samaki wao.

Siku ya pili Leona aliweza kuketi kitandani. Hapo ndipo Verna alipomweleza habari ya pua yake.

"Miaka miwili?" Leona akasema. "Na mimi nikisifu mchuzi wako kote kisiwani."

Wote wawili walicheka, kisha Verna akalia.

Mchuzi wenyewe yeye na Clifford walikuwa wameufukia mbali na nyumba, wakaweka mawe juu ili mbwa wasiufukue. Kwa wiki nzima Verna alikwenda asubuhi na jioni kuyahesabu mawe yale.