Unga Kwenye Kizingiti

Juzi nilipita kwenye nyumba za serikali za bei nafuu pale Masasi, nikaona kiyoyozi kwenye dirisha langu.

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja nyumba zile zikiwa bado zinajengwa, palinuka saruji mbichi. Mama alipiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba isiyoezekwa, akamwaga unga wa mtama kidogo kidogo, akiwanong'oneza marehemu wetu kwa Kimakonde. Kule Newala nilimwona bibi akimwaga hivyohivyo siku aliyohamia nyumba yake mpya, basi nikajua na hii ni yetu.

"Mama, chumba changu kipi?"

"Chagua, mwanangu."

Nikachagua chenye dirisha la barabarani.

Kumbe alikuwa anawaomba tu marehemu watupatie. Nyumba zile walizipata wenye mishahara. Mama bado amepanga chumba kimoja, na unga wa mtama siku hizi anaupikia uji.