Komunike Aliyoisoma Papa

Kabla ya kurekodi, papa, baba yangu mzazi, alivaa koti na tai. Nikamwambia redio haina macho. Akanitazama kama mtoto aliyeingia kanisani na kofia, akasema, "Mutu asiyevaa vizuri, sauti yake inamusema."

Nilikuwa mwaka wa pili wa uandishi wa habari hapa Bukavu, na kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kipindi cha mahojiano cha dakika kumi. Wenzangu walikimbilia wanasiasa. Mimi nilimchagua papa kwa sababu madaktari walikuwa wanajiandaa kumpasua koo watoe uvimbe, na walikwisha kutuambia wazi kwamba sauti haitarudi.

Papa alisoma komunike, matangazo ya vifo, redioni tangu sijazaliwa. Kwetu komunike ina utaratibu wake. Wanatajwa kwanza wanaotangaza, yaani wale walio kwenye kilio, halafu marehemu, halafu wanaojulishwa, wale wa mbali, mmoja mmoja na kijiji chake. Asiyetajwa amefukuzwa, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo. Papa alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Nyanya yetu alipofariki, aliisoma komunike mwenyewe, na akamruka yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wake wa kwanza. Yaya alikuwa ameacha seminari akaenda Luvungi kulima mpunga na kuoa huko. Hakuja kuzika. Tangu siku ile jina lake halikutajwa nyumbani. Maman alilitaja akisali tu, tena kwa midomo bila sauti.

Kwa hiyo nilikuwa na swali moja. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Tulirekodi chumbani, blanketi imefunika dirisha kwa ajili ya kelele za pikipiki. Maman tulimwomba aache kutwanga sombe, majani ya muhogo, akabaki amesimama uani na mchi wake. Papa alinijibu kitangazaji, maneno safi yasiyo na moyo. Kikohozi kikimshika, ananiamuru nirudie swali ili naye arudie jibu. Nikaanza kukasirika. Mwishowe nikamuuliza, "Papa, na komunike yako wewe mwenyewe, ungeisoma namna gani?"

Nilitegemea aniambie nina wazimu. Yeye akanyoosha tai. Akaisoma bila karatasi: familia ina huzuni kubwa kuwajulisha ndugu na marafiki kifo cha fulani, akataja jina lake. Ajulishwe dada yake wa Miti. Wajulishwe wajomba wa Bunyakiri. Hapo sauti ikakwaruza, akameza mate.

"Ajulishwe mutoto wake wa kwanza, kule Luvungi."

Akalitaja jina la yaya lote, hata lile la ubatizo. "Mwenye kusikia amwambie asiyesikia." Kisha akaniambia, "Zima."

Uani mchi ukaanza tena, kwa nguvu ambayo sombe haikuihitaji.

Mwalimu wetu aliposikiliza alitikisa kichwa. "Hii kipande utoe. Batu batashituka." Nikakataa. Nilimwambia bora nipewe sufuri. Tulikubaliana niweke maneno mwanzoni kueleza kwamba papa yu hai na kwamba haya ni mazungumzo tu.

Redio moja ya mjini ilirusha vipindi vyetu Jumamosi asubuhi. Papa alikuwa ametoka hospitali, shingo imefungwa bandeji, anaongea kwa mikono. Alijisikiliza ameinamisha kichwa kama anayekagua kazi ya mwingine. Mimi nililia. Nilijua sauti ile haitaniita tena kwa jina langu.

Lakini maneno ya mwanzoni humfaa anayesikiliza tangu mwanzo. Kule Luvungi jirani wa yaya alifungulia redio kipindi kikiwa kinaisha. Akasikia sauti ya komunike anayoijua, akasikia jina la marehemu na jina la yaya, akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Alikimbia shambani kumwambia asiyesikia.

Jumapili maman alikuwa anamnyoa papa ndevu uani, tukasikia kilio kinapanda njia. Yaya alikuwa mbele, nyuma yake mkewe na mfuko wa mchele kichwani, na watu wa kijiji chao.

"Papa! Umeenda hatujaongea!"

Akafika langoni, akamwona marehemu ameketi juani, nusu ya uso ina povu la sabuni.

Ningependa kusema tulicheka. Hakuna aliyecheka.

"Munanichezea?" yaya alifoka. "Nimelia njia yote! Nani alitangaza kilio?"

"Ni papa mwenyewe alitangaza, yaya," nikamwambia.

Papa alifungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Nikafungua simu yangu, na sauti yake ikatokea humo, ikamtaja yaya kwa jina lake lote. Yaya aliomba nirudie. Nikarudia. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini papa wetu alikuwa ameficha zaidi ya maradhi.

Papa akachukua wembe mkononi mwa maman, akamnyooshea yaya. Hasira ilikuwa bado usoni mwa yaya, na sikumlaumu. Kisha akakunja mikono ya shati, akashika kidevu cha papa, akamalizia upande uliobaki. Kuongea hawakuongea, wakati wa kuongea ulikuwa umepita. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Mtu aliyeita watoto wa mji mzima waje kwenye vilio vyao alimwita wa kwake siku za mwisho za sauti yake.

Mvua ziliporudi, uvimbe nao ukarudi, na papa akafariki nyumbani. Kazi ya kuandika komunike niliachiwa mimi. Nilifuata maneno yake yote, kwa mpangilio ule ule. Nilipofika kwa wanaojulishwa nikaandika shangazi wa Miti, nikaandika wajomba wa Bunyakiri, nikaanza kuandika Luvungi, kisha nikafuta. Jina la yaya nikalipandisha juu kabisa, kwa wanaotangaza. Alikuwa chumbani, mlango wazi, anamnyoa papa kwa mara ya mwisho.