Samaki wa Kikomeni

Ninayo kichwani mpaka leo, mjukuu wangu, siku baba mkwe wangu alipoinuka kikomeni na bakuli la samaki mkononi, akalirudisha mwenyewe jikoni kwangu huku wanaume wenzake wakimtazama. Kwa hapa kwetu Kakese, mwanamume kurudisha chakula jikoni kwa mke wa mwanawe lilikuwa jambo la kuongelewa mwezi mzima. Na liliongelewa kweli.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani kwako. Mvua zilikuwa zimetukataa, mahindi yamekauka yakiwa machanga, tukawa tunakula ule unga wa njano ambao watu waliuita unga wa yanga. Babu yako, mume wangu, alikuwa anapasua mbao msituni. Mbao zikinunuliwa tulipata hela kidogo, zisiponunuliwa tulitazamana. Katika hela hiyo utoe unga, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na mboga ya watoto watatu, na wa mwisho, Anjela, ndio kwanza nimemwachisha ziwa.

Sasa desturi yetu ilikuwa wanaume hawali ndani. Jioni walikaa pamoja kikomeni, kwenye moto wao, na kila mke alipeleka bakuli lake. Vyakula vikishawekwa pamoja, kila mtu anaona nani kapika nini. Mimi nilikuwa mke wa kuolewa kutoka Sitalike, na sikutaka mtu aseme mke wa Gervas hajui kutunza mume. Hela ikiingia tu nakimbilia Mpanda mjini kununua migebuka, samaki wakavu wa ziwani. Samaki mzima alikwenda kikomeni. Mimi na watoto tulibaki na kichwa na mchuzi, na siku nyingine maji ya chumvi. Nikawa najisifu moyoni kwamba nalinda heshima ya nyumba. Heshima gani, mwanangu, na mtoto anachovya ugali kwenye maji.

Mchana wa siku hiyo baba mkwe alipita kuazima jembe, akamkuta Anjela amekaa mlangoni. Nywele zake zilikuwa zimebadilika rangi, miguu imevimba, wenzake wanacheza yeye anawatazama tu. Mimi nilikuwa nimeshaona, ila nilijiambia ni meno yanaota. Mzee akambonyeza mguu kwa kidole, pakabaki shimo. Akaenda zake bila hata hilo jembe.

Jioni ndipo akaja na bakuli. Kwa heshima ya ukwe hakuingia. Alisimama nje ya jiko, amenipa mgongo, akaongea huku anatazama njia.

"Mama Anjela, sisi kule tumeshakua. Huyu samaki ni wa huyo mtoto. Na kesho msituletee samaki tena."

"Baba, watu watasema nini?"

"Watasema. Wewe pika."

Akaliweka bakuli chini, akaondoka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikamweka Anjela mapajani, nikaanza kumtolea miba.

Babu yako aliporudi alikuja juu. Aliniuliza kwa nini namvua nguo mbele ya watu. Nikamwambia, "Baba Anjela, ukitaka samaki aende kikomeni, basi tumzike mtoto kwanza." Lilikuwa neno baya na sijalijutia. Aliangalia ile miguu, akakaa chini.

Kesho yake nilipeleka matembele niliyounga kwa karanga. Nilipoweka bakuli chini maongezi yalikatika. Baba mkwe akanawa, akamega tonge, akachovya kwangu kabla ya kwingine kote. "Karanga zimekubali," akasema. Wengine wakafuata.

Tangu siku hiyo nikakaza. Hela ya migebuka nikanunulia dagaa, nikawatwanga wakawa unga, nikautia kwenye uji wa watoto na kwenye kila mboga. Sukari nikaisahau. Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yalipotiririkia, nikapanda matembele na mchicha. Mvua ziliporudi nikaanika uyoga, nikauweka akiba. Watoto nikawapakulia kwanza. Sikudanganyi kwamba tulishiba kila siku, zipo siku tulilalia uji. Lakini miguu ya Anjela ilipungua, na asubuhi moja nikamsikia anagombania kijiti na kaka yake. Niliacha kutwanga ili nimsikilize vizuri.

Kisha jirani yangu, Mama Kristina, akaja kwa mlango wa nyuma.

"Eti nyie mmeacha samaki kweli, au mnawala kwa kujificha?"

"Tumeacha."

Akakaa chini palepale, machozi yakamtoka. "Mimi nimeuza kuku wangu wote, na kitenge alichoniachia mama, ili bakuli langu lisizidiwe na lako."

Alikuwa na watoto wanne. Nilidhani ujinga wangu unaumiza wangu tu. Jioni ile alipeleka kisamvu, na kabla ya wiki kwisha kikome kizima kilikuwa kinakula majani. Hakuna mwanamume aliyekufa.

Sasa wewe una nyumba yako hapo Ilembo na hela yako haitoshi. Wageni wakija unaagiza soda na nyama, kisha katikati ya mwezi watoto wanakunywa chai kavu. Mimi nakutazama tu, ila leo nasema. Hela ikiingia, fikiria kwanza sahani ya mtoto, halafu ya mgeni. Nunua chakula kinachokaa. Panda mchicha hata kwenye ndoo iliyopasuka. Mumeo mweleze ukweli hata akikasirika. Na mboga za majani ziweke mezani bila kuona haya, maana huenda kuna mama jirani anauza vitu vyake akijaribu kukufikia, na anasubiri wewe uanze kuacha.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usioogopa maneno ya watu. Akujalie watoto wagombanie ukoko wa sufuria mpaka uwafukuze jikoni, na wote uwaone wakikua.