Nimekula matoleo mbele ya altare

Jamani, leo nimekula matoleo kanisani, na Padre mwenyewe ndiye aliyenilisha.

Kabla ya misa ni mimi niliyetangaza: "Zimeni simu!"

Wakati wa matoleo wenzangu wamebeba mahindi na ulezi, mimi sinia la ndizi mbivu za kutoka kijiji cha Muze.
Mara simu inalia.
Nikawakazia macho vijana wa kwaya. Hawana adabu hawa!

Kumbe ni yangu. Kidude cha kupima sukari nilichobandika mkononi kinanionya kupitia simu kuwa sukari inashuka vibaya. Si nilichoma insulini asubuhi, halafu nikajitia mtakatifu wa kufunga!

Nikamnong'oneza Padre hali yangu. Padre akamenya ndizi.
"Kula, mama."

Nikala mbili, kanisa zima linatazama.

Haya, chekeni. Jumapili ijayo nimepangiwa kubeba mishumaa.