Mkono Mwepesi wa Dada Ozella

Tulipoanza mazoezi ya kutopigana, kule chumba cha chini cha kanisa letu, mtu wa kwanza kula kofi alikuwa shemasi wetu wenyewe.

Shemasi Beasley alikuwa amepewa kazi ya kujifanya Mzungu mhuni. Sisi wengine tulipanga viti mstari mmoja, tukakaa kana kwamba tuko kaunta ya duka la Hadley. Pale mtu mweusi aliuziwa sindano, soksi na sufuria bila maneno, lakini kukaa akanywa kahawa, ng'o. Tulikusudia kwenda kukaa pale hata tukikatazwa, kwa hiyo tulijifunza kutukanwa, kusukumwa na kumwagiwa sukari kichwani huku tumenyamaza. Basi Shemasi, maskini, mtu asiyeweza kufukuza hata kuku, akamwinamia Dada Ozella Crumley na kunguruma, "Toka hapa, we mwanamke mweusi!" Miwani yake tuliiokota chini ya piano.

"Dada Ozella!" Mchungaji Tolliver akapaza sauti. "Huyo ni Shemasi wako!"

"Namjua. Na yeye ananijua. Kwa nini aniite hivyo?"

"Ni mazoezi, dada yangu."

"Basi na mimi nilikuwa nafanya mazoezi."

Ozella alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mpiga pasi katika duka la udobi la Wazungu, na mikono yake ilikuwa minene kutokana na kazi hiyo. Alikuwa amezika waume wawili, na mtaani tulisema wote walikufa ili wapate kupumzika. Alijaribu mazoezi mara tatu. Mara ya tatu Shemasi alikuja amevaa kofia ya chuma ya kazini kwake, na Mchungaji akasema basi, inatosha, huendi.

"Kofi lako moja tu," alimwambia, "magazeti yao yataandika kwamba sisi ndio tulioanza. Polisi watapata kisingizio, na vijana hawa watavunjwa mbavu kwa ajili yako."

Ozella hakubisha. Alisema tu kwamba mama yake aliwahi kuzirai mbele ya kaunta ile, mwezi wa Agosti, wakati wa joto kali kwetu, akiwa na mimba, akanyimwa kiti, akanyimwa maji, akaburutwa hadi nje juani. "Nataka kukaa pale, Mchungaji. Hata dakika moja." Kisha akavaa koti lake akaenda zake, na mimi iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumapili ile nilikuwa jukwaani na kwaya, mahali ambapo mambo yote ya watu huonekana. Ozella alikuwa zamu ya uhudumu, kazi ya kuwakaribisha watu na kuwatunza wanaoshukiwa na Roho: gauni jeupe, glavu nyeupe, mkono wa kushoto umekunjwa mgongoni kama wahudumu wetu wote wafanyavyo. Katikati ya wimbo Dada Tempie Gaines akashukiwa na Roho. Na Tempie akishukiwa, jirani jihadhari! Alirusha mikono, akarusha mkoba, kisha kiwiko kikatua sawasawa kwenye pua ya Ozella. Damu ikatoka. Ozella hata hakukunja uso. Mkono wa kushoto ulibaki mgongoni, na kwa wa kulia akaendelea kumpepea Tempie kwa pepeo la karatasi, akimnong'oneza, "Haya, mwanangu, haya. Pumua." Nikasahau kuimba.

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji. "Yule akiwa zamu hapigi mtu," nikamwambia.

Mchungaji akamwita. "Dada Ozella, mbona hukumrudishia Tempie?"

"Nimrudishie? Nikiwa zamu?" Alimtazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Halafu Tempie hakuwa yeye. Alikuwa ameshikwa."

Mchungaji alikuna kidevu. "Na hawa wa kule kaunta nao wameshikwa," akasema. "Aliyewashika simtaji humu kanisani, lakini wameshikwa. Alhamisi njoo na sare yako."

Alhamisi tulikuwa wanane. Ozella alikaa katikati, amevaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu, nami nikakaa kulia kwake. Mhudumu wa duka akatugeuzia mgongo. Muda si muda vijana wa Kizungu wakatuzunguka. Mmoja, shingo nyekundu, alimchagua Ozella. Alimtukana yeye, akamtukana mama yake. Aliposema mama, niliona bega la Ozella likipanda, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kijana alikuwa amemzaba kofi, na mdomo wa Ozella umepasuka.

Mkono wa kushoto ukaenda mgongoni, polepole. Wa kulia ukaingia mkobani. Ee Bwana, niliomba, lisiwe lile jiwe la kunolea visu analotembea nalo.

Likatoka pepeo. Akaanza kumpepea yule kijana, taratibu, usoni. "Haya, mwanangu. Haya. Pumua. Itapita."

Rafiki mmoja wa kijana yule akapasuka kicheko, na kijana akainua mkono tena, akautazama, kisha akautia mfukoni. Polisi walipofika walimpita yeye wakatukamata sisi, bila shaka.

Rumande, wenzetu walipokuwa wakiimba, nilimkumbatia Ozella. "Leo umempenda adui yako!" nikamwambia.

"Nani kampenda?" Alitema damu kwenye leso. "Nilitamani kumng'oa masikio yote mawili. Hata sasa natamani."

"Sasa ulimpepea kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa zamu." Machozi yakamtoka. "Moyo bado haujakubali, mdogo wangu. Namwambia Yesu kila siku, haujakubali. Nimempa mkono huu kwanza, moyo baadaye. Usimwambie Mchungaji."

Sikumwambia. Nilikaa kwenye benchi la chuma nikaona haya. Katika mazoezi yote ni mimi niliyesifiwa kwa upole, niliyemwagiwa sukari bila kufumbua mdomo, na nilikuwa nimeanza kujiona mtakatifu. Kumbe mimi nilikuwa naogopa tu. Katika watu wanane waliokaa kaunta ile, mwenye kofi la kutoa alikuwa mmoja, na hakulitoa.