Mgeni Ndani ya Chupa ya Pipi

Acha nijisifu, maana nimengoja miaka mingi na hakuna aliyejitolea kunisifia. Miaka ile ya themanini, wakati sukari, sabuni na chumvi vilikuwa vitu vya kusimuliana tu hapa Babati, mimi nilikuwa nafuga mnyama wa baharini sebuleni kwangu, mtaa wa Maisaka, ndani ya chupa ya pipi. Na aliishi. Wapo waliosema ni ua la plastiki, wapo waliosema mimba imenichanganya akili, na mkuu wangu wa shule alisema yote mawili.

Mnyama mwenyewe aliitwa anemoni. Ndivyo kilivyosema kitabu pekee cha biolojia tulichokuwa nacho shuleni, chenye picha yake kwenye ukurasa uliochanika nusu. Akifunguka utaapa ni ua: shina nene la ukubwa wa kidole gumba, rangi ya damu ya mzee, na juu yake duara la nyuzi laini zinazochezacheza majini. Lakini ni mnyama kamili, ana mdomo katikati ya nyuzi hizo na anakula nyama. Wanafunzi wangu walijua kumchora vizuri sana, ila hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba yupo.

Nilimpata Tanga, nilikokwenda kwa semina ya walimu wakati wa likizo. Siku ya mwisho, maji yalipokupwa, nilishuka kwenye miamba na kopo tupu la maziwa. Nilichagua kwa akili. Wale wa chini, ambao hawatoki majini hata siku moja, niliwaacha. Nilimchukua wa juu kabisa, ambaye bahari humtelekeza juani kila siku naye hujikunja akangoja. Huyo alikuwa amezoea shida, na mahali nilipokuwa nampeleka shida hazikuwa haba. Nikamtoa pamoja na kipande cha mwamba wake na konokono wadogo watatu, nikamfunika kwa mwani mbichi, kisha nikajaza maji ya bahari kwenye madumu mawili. Kabla sijaondoka nilitengeneza kipimo cha chumvi: kipande cha mtete, msumari ndani yake na nta ya kuziba. Nilikielesha kwenye maji ya bahari, nikakikata alama pale maji yalipofika, maana chumvi ikipungua kingezama zaidi.

Siku zile za kusaka walanguzi, dumu lililojaa lilikuwa kesi. Kwenye kizuizi kimoja mgambo alinishusha kwenye basi akiamini nimebeba mafuta ya kupikia. Nilimwambia ni maji ya bahari. Akacheka kwa dharau, akamimina kiganjani, akanywa funda zima. Sijawahi kuona mtu akitema kwa bidii namna ile.

"Mwalimu, haya unayapeleka wapi?"

"Babati."

"Babati hamna maji?"

"Tuna ziwa zima. Halina chumvi."

Akaliangalia tumbo langu lililokuwa limeanza kujitokeza, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniruhusu nipande.

Chupa nilipewa na mwenye duka wa mtaani kwetu. Ilikuwa ile kubwa ya kioo ya kuwekea pipi, na pipi zenyewe hazikuwa zimeonekana kwa muda mrefu. "Chukua, mwalimu," alisema, "pipi zikirudi utanirudishia." Nikamhamishia mnyama humo kwa maji ya bahari, na dumu lililobaki nikaliweka akiba chini ya kitanda.

"Babati na bahari wapi na wapi?" ndivyo mkuu wa shule alivyonipokea nilipomweleza. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia palepale kwamba siku ya wazazi, mwisho wa muhula, nitamleta mnyama huyo mbele ya watu, mzima na amefunguka, na nikifanya hivyo anipe ile stoo ya madawati mabovu niigeuze maabara. Shule nzima haikuwa na hata meza ya kupasulia chura. Alicheka, akanipa mkono mbele ya walimu wenzangu. "Akifika hai, stoo ni yako. Akifa, sitaki kusikia tena habari za maabara." Nikarudi nyumbani nikijua kwamba maabara ya wanafunzi wangu iko ndani ya chupa ya pipi.

Watu hudhani kazi kubwa ni kumlisha. Kumlisha ni jambo dogo: mara mbili kwa wiki unampa kipande cha perege wa ziwani, ukubwa wa punje ya mchele, unamshikisha kwa njiti ya ufagio. Kazi ni maji. Maji yaliyotulia huishiwa hewa, na mimi sikuwa na umeme wala mashine ya kupuliza. Nilikuwa na mikono iliyozoea kupooza chai. Asubuhi na jioni nilichota kikombe kwenye chupa, nikakiinua juu, nikayarudisha maji kwa mkondo mwembamba hadi yatoe povu, tena na tena, mpaka bega liume.

Halafu mwani. Kabla mwezi haujaisha chupa iliota utando wa kijani, ukaanza upande wa dirisha na kuzunguka kote. Mara ya kwanza niliusugua wote hadi kioo kikang'aa, na kesho yake mnyama akajikunja, maana mwani ule ndio uliokuwa unaongeza hewa mchana. Ukiuacha wote, nao unaoza na kuchafua maji. Basi nikaiondoa chupa dirishani, nikaning'iniza kipande cha kitenge upande wa jua, nikawa nakwangua mbele tu kwa gunzi la hindi na kuuacha wa nyuma kwa konokono. Mabaki ya samaki niliyaopoa kwa unyoya wa kuku, kwa sababu mwani hunenepa kwa uchafu. Sabuni ingemuua kwa siku moja. Nashukuru sabuni haikuwepo, maana mama mkwe angeshaiosha chupa ile tangu siku ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa ametoka kijijini kwake, upande wa Mbulu, kuja kunitunza, kwa sababu mume wangu alikuwa bwana shamba na alishinda vijijini wiki nzima. Mwanzoni hakukubali hata kukaa chumba kimoja na ile chupa. Siku moja akaniona nikipooza maji huku nimeshika kiuno, akaninyang'anya kikombe.

"Hata mimi najua kupooza chai," alisema.

Tangu siku ile kazi ya hewa ikawa yake. Mnyama alimwita mgeni, na kila alipomkuta amefunguka alinipigia kelele kutoka sebuleni, "Mwanangu, mgeni ameamka!"

Kazi niliyoiona rahisi kuliko zote ndiyo ilitaka kuniangusha. Maji hukauka kidogo kidogo, lakini chumvi yake haikauki. Hubaki ndani, na maji yanazidi kuwa makali. Kwa hiyo nilibandika plasta kwenye chupa pale maji yalipokuwa yamefika siku ya kwanza, na kila asubuhi niliongeza maji ya mvua, niliyoyahifadhi mtungini tangu masika, hadi kwenye plasta. Mama aliniona nikifanya hivyo kila siku ya Mungu. Sikumweleza kwa nini, wala haikunijia akilini kwamba panahitaji maelezo.

Wakati huo chumvi ilikuwa imetoweka kabisa madukani. Makande yalikuwa chapwa, mboga chapwa, na mimi kwa hali yangu nilikuwa siwezi kumeza. Nilikonda hadi pete ikanipwaya. Kisha chakula cha mama kikaanza kuwa kitamu. Makande yalikolea, nikala, nikaongezewa, nikala tena. Nilidhani ana jamaa yake kule mtaa wa Bagara anayemgawia chumvi. Sikuuliza, maana miaka ile ukiwekewa kitu kizuri mezani hukuuliza kimetoka wapi.

Zilipobaki wiki tatu kufika siku ya wazazi, mgeni alijifunga. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya tatu alikuwa donge tu, mfano wa nyanya iliyosahaulika kapuni. Mwani nao ulipata nguvu za ajabu, ukaota nywele za kijani hadi juu ya jiwe lake, na konokono mmoja akaanguka chini asiinuke. Nililaumu jua, nikalaumu samaki, nikalaumu kikombe. Nilikwangua asubuhi na jioni na mwani ukarudi. Ndipo nikakumbuka kile kipimo cha mtete, ambacho sikuwa nimekigusa kwa wiki nyingi kwa kuiamini plasta. Nilipokitia majini kikazama hadi alama ikapotea. Nikaonja maji kwa ulimi. Yalikuwa na chumvi ya machozi, siyo ya bahari.

Nikamkuta mama jikoni. "Mama, kuna mtu amegusa maji ya mgeni?"

"Hakuna mtu," alijibu kwa utulivu. "Ni mimi tu."

"Umeyafanya nini?"

"Nachota kikombe cha kupikia makande. Halafu narudishia maji ya mvua mpaka kwenye plasta, kama wewe. Wewe unajaza kila siku na mgeni hasemi kitu."

"Na yale ya dumu, chini ya kitanda?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Ile ni akiba yako. Nitaigusaje akiba ya mtu?"

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mama wa mume wangu kwamba amemuua mgeni na maabara ya watoto wa watu, na kati ya yote ninayojivunia hapa, hilo halimo. Yeye hakujibu hasira zangu. Alisema tu, "Ulikuwa huli, mwanangu."

Nilikuwa nafundisha watoto wa watu kutwa nzima, na mtu aliyekuwa akinipoozea maji asubuhi na jioni sikuwa nimemfundisha kitu. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikamimina juu yake kijiko cha maji kutoka kwenye dumu la akiba, nikauweka juani uani. Tulikaa wote wawili kuuangalia. Maji yalipokauka ukabaki ukoko mweupe. Mama akaugusa kwa kidole, akalamba.

"Kumbe yanayoondoka ni maji matupu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nimekuwa nikichota chumvi yake na kumrudishia maji matupu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, ujazo wa ngumi mbili, imekusanya vumbi la safari. Alikuwa amekuja nayo kutoka kijijini na kuificha kwenye sanduku lake, kwa ajili ya supu atakayonipikia siku nitakapojifungua. Kwa makande hakutaka kuigusa, ndiyo maana alikuwa akichota kwenye chupa. Nilikataa, ingawa nilijua maji ya dumu peke yake hayatoshi. Nilimwambia stoo ya madawati haina thamani hiyo. Akanisukumia fundo mkononi, akaniuliza kama mgeni wetu anawekewa chumvi yote kwa mkupuo au kidogo kidogo.

Kidogo kidogo, nilimjibu. Tuliiyeyusha kwenye maji ya mvua, tukaichuja kwa kipande cha khanga, tukaichanganya na maji ya bahari yaliyobaki kwenye dumu. Kila siku tulipunguza maji ya chupa kikombe kimoja, tukaongeza kikombe cha yale makali, na kila siku mama mwenyewe ndiye aliyetia kipimo na kusoma alama, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani. Nywele za mwani tulizizoa kwa kitana changu cha zamani. Siku ya tano alama ilirudi mahali pake, lakini mgeni alibaki vilevile. Siku ya saba nilianza kuandaa maneno ya kumwambia mkuu wa shule. Siku ya tisa, nikiwa uani naanua nguo, nikasikia kelele kutoka sebuleni. Mgeni alikuwa ameamka! Nililia bila aibu, nguo zikiwa bado begani.

Siku ya wazazi mama alikataa chupa ibebwe na mtu mwingine. Aliifunga mfuniko, akaitwika kichwani juu ya kata, akatembea kutoka Maisaka hadi shuleni bila kumwaga tone, na watu njiani wakimpisha. Aliiweka juu ya meza, akapooza maji, akasimama kando akingoja. Mgeni alifunguka taratibu mbele ya wazazi, wanafunzi na mkuu wa shule, na nilipomshikisha kipande cha perege akazikunja nyuzi na kukivuta mdomoni. Uwanja mzima ukaguna.

Mzee mmoja mfugaji, aliyefika kumtazama mjukuu wake, akauliza swali ambalo wengine walilionea haya. "Anakula hapo juu. Sasa anakunya wapi?"

"Hapohapo, baba," mama akamjibu kabla yangu. "Ana mlango mmoja."

Walicheka hadi wakashikana. Yeye hakucheka. Aliwaonyesha plasta, akawaonyesha kipimo cha mtete, akawaeleza kwa Kiswahili chake alichojifunza ukubwani kwamba maji huondoka na chumvi inabaki, na kwa nini mwani haukwanguliwi wote. Mkuu wa shule alisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kisha akatoa ufunguo wa stoo mfukoni na kunipa mbele ya watu, na mimi nikaupokea huku namtazama mama. Chupa ikabaki hukohuko shuleni.

Nilijifungua wiki chache baadaye, mtoto wa kike. Chumvi ilikuwa bado haijarudi madukani. Mama alichinja jogoo, akachemsha supu tangu alfajiri, akaniletea bakuli kitandani na kukaa ananiangalia. Nikaonja. Ilikuwa chapwa kabisa.

"Chumvi yake iko shuleni," alisema mama, "inafundisha."

Nikainywa yote, nikaomba bakuli la pili.