Zamu ya Jumamosi

Arobaini ya mama ilipokwisha, ndugu waliulizana swali moja tu: "Sasa huyu tunampeleka wapi?" Huyu ni mdogo wangu, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, na alikuwa amekaa palepale mkekani anakula tende. Akili yake inakwenda taratibu tangu utotoni. Kusoma kwake ni jina lake tu, na ukimpa maagizo matatu kwa mpigo anabaki na la mwisho. Lakini masikio anayo, jamani. Alitema kokwa akasema, "Mimi nina chumba."

Chumba chenyewe ni kile alichokuwa akiishi na mama, nyumba ya kupanga huko Ilala, nyuma ya soko la Mchikichini. Vyumba sita, korido katikati, choo na bafu vya watu wote viko uani. Mjomba alitaka apelekwe Bagamoyo. Mimi nikasema hapana, atakuja kwangu Buguruni, ingawa kwangu kwenyewe tunalala kwa kubanana. Wakati tunabishana, yeye akainuka, akavaa kandambili zake, akaenda kulala chumbani kwake.

Ikabidi nikamwone mwenye nyumba. Ni mama mmoja wa Kichaga, mjane, ana duka la jumla Kariakoo, mtaa wa pili kutoka kwenye duka langu la mapazia. Alinisikiliza huku anahesabu maboksi ya sabuni.

"Mama yenu nilimheshimu sana," akasema. "Nampa miezi mitatu. Nyumba ina watoto, ina gesi, ina umeme. Asipoweza, unamchukua siku hiyohiyo. Tumeelewana?"

Nikamwambia tumeelewana.

Hapo ndipo nilipotafuta msaidizi. Kuna kikundi cha wazazi wenye watoto kama mdogo wangu, wamefundisha wahudumu kazi ya kumsaidia mtu mzima aishi kwake mwenyewe. Wakanipa binti mmoja mpole, akawa anakuja asubuhi, mara nne kwa wiki. Wiki ya kwanza nikaenda kuchungulia bila taarifa. Hee! Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na mdogo wangu anahangaika na kiberiti. Njiti ya tano ndiyo iliyowaka. Sukari akaitia mara mbili. Kikombe kimoja cha chai kilichukua karibu saa nzima, na binti hakunyanyuka.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

"Marahaba. Wewe umeletwa hapa kufanya kazi au kuangalia sinema?"

"Kazi yenyewe ndiyo hii, mama. Nikimpikia mimi, siku nisipokuja atakunywa nini?"

Nikasonya. Nilidhani nimesonya kimyakimya, lakini mdogo wangu aliniambia, "Dada, usimsonye mgeni wangu."

Basi. Binti akawa anachora picha kwenye vipande vya maboksi na kuzibandika ukutani: mswaki, kikombe, ufagio, kufuli. Mdogo wangu akimaliza jambo moja anageuza kipande chake, anaangalia kinachofuata. Mwezi mmoja haujaisha, alikuwa anajipikia uji, anafua, anafunga mlango na kuvaa ufunguo shingoni. Niliona kwa macho yangu na bado sikuamini. Kila nikienda nilifungua sufuria kuangalia kama ameunguza, nikapanga upya nguo alizokwisha kupanga. Ndivyo nilivyo, na mume wangu alishaacha kunisema.

Sasa, aliyewahi kupanga kwenye nyumba za namna ile anajua habari ya zamu. Karatasi inabandikwa nyuma ya mlango wa mbele, kila chumba na siku yake: kupiga deki korido, kusugua choo, kufagia uani. Jumamosi ilikuwa ya mama, na mama alipoondoka ikabaki kwa mdogo wangu. Mimi nikaona huu ni mtego. Choo cha watu kumi na tano, sakafu ya saruji inateleza, na hao majirani wanatafuta tu la kumsemea. Nikapita chumba hadi chumba bila yeye kujua. "Jirani, mnajua hali ya mwenzenu, naomba mumtoe kwenye zamu. Nitafanya mimi." Wakakubali haraka, nani angekataa? Kila Jumamosi nikawa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nadeki korido ya Ilala, kisha nakimbilia dukani. Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini roho nyeupe. Nilijiona dada wa mfano.

Mwezi wa pili wapangaji wakafanya kikao uani kwa sababu tangi la maji lilikuwa linaisha ovyo. Mdogo wangu akatoka na kiti chake, akakaa, akanyoosha mkono. Alitaka kusema kwamba watoto wanaacha bomba wazi, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Fundi cherehani wa chumba cha mbele yake, kijana asiye na ubaya ila mdomo wake hauna breki, akamkata kauli: "Braza, wewe huna zamu humu ndani, dada yako aliomba utolewe. Asiye na zamu hapangi mambo ya maji." Watu wakacheka kidogo, kikao kikaendelea. Haya yote nilihadithiwa baadaye na fundi mwenyewe.

Kesho yake mchana niko dukani, wateja wamejaa, nampimia mama mmoja pazia la sebuleni. Nainua macho, mdogo wangu huyo mlangoni. Peke yake. Shati limelowa jasho. Maisha yake yote hajawahi kuja Kariakoo bila kushikwa mkono, na siku hiyo alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mchikichini, amekatiza barabara ya mabasi ya mwendokasi, amepenya kwenye msongamano ule wa mikokoteni hadi dukani kwangu. Nikaacha kupima.

"Umekuja na nani?"

"Mwenyewe. Kwa nini umenichukulia zamu yangu?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Sikukuomba! Mama alikuwa na zamu. Mimi nakaa pale. Zamu yangu!"

Sauti ilikuwa kubwa, wateja wote wakageuka. Nitasema ukweli: cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa hasira. Naamka alfajiri kwa ajili yako, navunjika mgongo, halafu unakuja kuniumbua mbele za watu? Nikamwambia, "Huna shukrani wewe!" Akaanza kulia. Siku tuliyomzika mama hakulia hivyo. Alilia amesimama wima katikati ya duka, mikono imening'inia, na ndipo aibu iliponishika mpaka nikashindwa kumtazama. Nikafunga duka mchana ule, nikampeleka kwake.

Jioni hiyo nikapita tena chumba hadi chumba, safari hii kuomba arudishiwe. Hakuna kazi ngumu kama kurudisha ombi ulilolitoa mwenyewe. Nikamweleza na binti mhudumu. Alihamisha siku yake moja ikawa Jumamosi, akachora picha mpya za ndoo, dekio na choo.

Jumamosi ya kwanza, we acha tu. Alimwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga. Povu likajaa korido, likapita chini ya mlango wa fundi, likalowesha kitenge cha mteja kilichokuwa sakafuni. Fundi akatoka anafoka. Mimi nimeshakunja gauni, nanyoosha mkono kuchukua dekio. Binti akanishika kiganja.

"Mama, kaa."

"Nikae? Huoni?"

"Naona. Kaa."

Nikakaa. Sijui nilikaaje. Mdogo wangu akamtazama fundi, akasema, "Nimekosea. Nitakifua." Akakifua kweli, akakisuuza mara mbili, akakianika, kisha akarudi kusukuma povu hadi uani. Alimaliza saa saba mchana. Fundi alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba, na jioni mwenye nyumba akanipigia mimi: "Nimesikia habari za povu. Miezi yangu mitatu inaisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitakuja mwenyewe."

Zikabaki Jumamosi mbili kabla ya hiyo. Binti akampa kifuniko cha chupa kiwe kipimo chake: kimoja kwenye ndoo, basi. Mimi huku Buguruni nikaanza kutafuta pa kuweka godoro. Nilikuwa nimeshakata tamaa, sifichi. Hata hivyo mkataba ulikuwa bado na jina la mama, kwa hiyo nikanunua fomu mpya nikaijaza jina langu, nikaitia kwenye mkoba, liwalo na liwe.

Siku yenyewe nilifika pamoja na mwenye nyumba. Mlango uko wazi, mdogo wangu amesimama kizingitini na dekio mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Subiri kwanza. Pabichi."

Nilitamani ardhi ipasuke. "We! Huyo ndiye mwenye nyumba!"

"Namjua. Pabichi."

Sauti ya fundi ikatoka ndani: "Mama, subiri tu! Mimi mwenyewe nimefungiwa humu tangu asubuhi, hataki nikanyage!"

Mwenye nyumba akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. Tukakaa barazani, yeye na mimi, tukisubiri sakafu ikauke. Ilipokauka akaingia, akakagua choo, uani, valvu ya mtungi wa gesi chumbani. Kisha akasimama koridoni na kumwita fundi.

"Wewe ndiye uliyenipigia simu. Sema."

Fundi akajikuna kichwa. "Nililalamikia kitenge, mama. Sikusema ahame. Akihama, hii Jumamosi mtanibandika mimi, na mimi choo siwezi kukisugua hivyo."

Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa, nami nikatoa ile fomu haraka kabla hajabadili mawazo. Mwenye nyumba akavaa miwani.

"Hili jina la nani?"

"Langu."

"Kwani unahamia hapa?"

"Hapana, lakini nilifikiri…"

Akalikata jina langu kwa mstari mmoja, akanipita, akamwekea mdogo wangu karatasi juu ya kiti. "Mpangaji, njoo uandike."

Jina lake lina herufi tano. Aliinama, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kwenye herufi ya tatu kalamu ikasimama. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, nikaurudisha ndani ya khanga nikaushikilia huko. Tulisimama wote, mwenye nyumba, fundi na mimi, mpaka alipomaliza.

Alimrudishia mwenye nyumba kalamu yake, akavua ufunguo shingoni, akafungua mlango wake.

"Dada," akasema, "karibu kwangu."

Chumba kile nimeingia mara ngapi bila hata kubisha hodi, Mungu ndiye anayejua. Nikavua viatu mlangoni, nikaitikia, "Ahsante, nimeshakaribia," na nikaingia huku nalia.